Akiba Haiozi, Soketi Hutoweka

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Katika tarakilishi, kauli hiyo yahitaji kutafakariwa upya. Chukulia mtafiti aliyerekodi ngano za wazee wa Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kuelekea Busia, mnamo 2001, akazihifadhi katika diski ngumu ya IDE. Diski hiyo huunganishwa na madabodi kwa utepe mpana wa waya na soketi ya pini 40. Mwaka 2003 ukaja mfumo wa SATA, ambao soketi yake ya data ina pini 7 tu. Madabodi za leo aghalabu zina pia nafasi ya M.2, ipokeayo kadi nyembamba isiyohitaji waya. Soketi ya IDE haimo tena.

Wapo wadaio kuwa hayo ni ya fundi, si ya mwanafasihi. La hasha! Sauti za wazee zaweza kuwamo diskini na bado zisisikike. Adapta ya kuunganisha IDE na USB hupatikana, lakini diski nayo huzeeka. Yafaa idara za Kiswahili zihamishe rekodi zao mapema, kila soketi zinapobadilika. Kuhifadhi fasihi si kuifungia kabatini. Ni kuhakikisha kwamba msomaji wa kesho ataweza kuifungua.