Santuri ya Waholanzi na Deni la Rufiji

Wako wasomi wa Kiswahili ambao, wakitajiwa muziki wa metali ya mauti, hukunja nyuso kama watu waliotiwa shubiri kinywani. Husema kwamba huo si wimbo, ni kelele. Kwamba mwimbaji wake hunguruma tu kama mnyama aliyejeruhiwa. Na kwamba neno lisilosikika haliwezi kuitwa ushairi. Hukumu hii hutolewa upesi, na aghalabu hutolewa na watu wasiopata kusikiliza hata santuri moja hadi mwisho wake. Kama ingekuwa hukumu ya barazani tu, ingeachwa ipite. Walakini imekwisha kuingia katika madarasa ya fasihi, na humo inafunika aibu iliyo kubwa kuliko kutopenda magitaa.

Chukua bendi ya Kiholanzi iitwayo God Dethroned. Ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika mji mdogo wa Beilen, jimbo la Drenthe, chini ya Henri Sattler, mwimbaji wake na mpiga gitaa. (Msomaji asiwachanganye watu hawa na Wadachi wa tenzi za kale. Mdachi katika Kiswahili ni Mjerumani, ingawa Mwingereza alimpa Mholanzi jina la mzizi ule ule.) Magitaa yao hulegezwa nyuzi mpaka sauti ikashuka chini kabisa, ngoma kubwa hupigwa kwa miguu miwili kwa kasi ya mvua ya mawe, na juu ya mtutumo huo hupita sauti za gitaa zenye mahadhi, nyingine za huzuni kweli kweli. Ni mahadhi hayo yanayowafanya wajuzi wengine kuihesabu bendi hii katika tawi la kimelodia la muziki huo, tawi ambalo jina lake lilipata sifa katika mji wa Gothenburg nchini Sweden miaka ile ile ya 1990.

Maneno ya mngurumo hayasikiki kwa sikio lisilozoea. Hilo ni kweli. Lakini hoja hiyo ikikubaliwa itawarudia wenyewe wanaoitoa. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728 hausomeki leo kwa Mswahili wa kawaida bila mwalimu na faharasa, wala hapana mtu aliyethubutu kuutupa kwa sababu hiyo. Maneno ya metali huchapwa kijitabuni, na mpenzi wake huyasoma huku akisikiliza mpaka akayahifadhi. Sauti haina kazi ya kuyapeleka maneno peke yake. Kazi yake ni kumfanya msikilizaji ayaogope. Mtu atakayeimba habari za wanajeshi waliozama topeni kwa sauti tamu ya harusini ndiye anayepaswa kuulizwa maswali.

Kwa hiyo bendi hii na ihukumiwe kwa kazi zake. Mwaka 2024 ilitoa santuri iitwayo The Judas Paradox, na jina lake ni kile kitendawili cha Yuda: pasipo msaliti hapana msalaba, basi msaliti ana kosa gani? Upigaji wake ni wa mafundi. Lakini wazo hilo limechakaa. Irenaeus wa Lyon alikuwa akiwapinga watu wenye Injili ya Yuda karibu na mwaka 180, na injili hiyo yenyewe ilichapishwa mwaka 2006 watu wote wakaisoma. Zaidi ya hayo, takwimu za serikali ya Uholanzi za mwaka 2017 zilionyesha kwamba watu wazima walio na dini wamepungua hata hawafiki nusu. Katika nchi ya namna hiyo, kuiita bendi kwa jina la kumwondoa Mungu enzini ni kumpiga teke mfalme ambaye wenye nyumba walikwisha kumtoa barazani. Kukufuru kusikogharimu kitu hakuna ushujaa wowote. Wasomi wenye kukunja uso wangepiga hapa, wangepata shabaha. Wao wamepiga koo la mwimbaji.

Ushujaa wa bendi hii uko mahali pengine, katika santuri tatu za Vita Kuu ya Kwanza: Passiondale ya mwaka 2009, Under the Sign of the Iron Cross ya mwaka 2010, na The World Ablaze ya mwaka 2017. Jina la ile ya kwanza limefumwa kutokana na mateso ya Kristo na kijiji cha Passendale nchini Ubelgiji, mahali ambapo mapigano yaliyoanza tarehe 31 Julai 1917 yaliishia tarehe 10 Novemba katika tope lililowameza watu na farasi. Wimbo mmoja unaitwa kwa kuzama topeni, mwingine kwa ukungu wa sumu, na wa kwanza kabisa kwa ule Msalaba wa Sadaka unaosimamishwa katika makaburi ya vita ya Waingereza. Katika makaburi ya Tyne Cot, karibu na kijiji hicho, wamelala watu wapatao 12,000, na zaidi ya 8,000 miongoni mwao hawajulikani majina. Bendi yenye jina la kumtukana Mungu ilipofika mahali hapo iliacha utoto wake.

Na jambo la kushangaza ni hili: Uholanzi haikupigana vita vile. Ilikaa kando tangu 1914 hata 1918, ikapokea wakimbizi wa Kibelgiji wapatao milioni moja Antwerp ilipoanguka, lakini haikupeleka majeshi yake. Watu wa Beilen hawana babu aliyefia Passendale kwa amri ya serikali yao. Juu ya hayo wametunga santuri tatu.

Katika santuri ya tatu umo wimbo uitwao "Königsberg". Lilikuwa jina la mji wa Prussia, na kwa jina la mji huo Wajerumani waliita manowari. Mtu wa Mrima hawezi kulisikia jina hilo asiukumbuke mto Rufiji. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ile iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha mitambo yake ikaharibika, ikajificha katika mikono ya delta ya Rufiji. Vipande vya mitambo vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kwenda kutengenezwa, vikarudishwa vile vile. Tarehe 11 Julai 1915 Waingereza waliipiga mpaka Wajerumani wenyewe wakaitoboa. Ndipo mizinga yake kumi ikaopolewa, ikapewa magurudumu, ikazungushwa katika vita vya bara. Mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na watalii hupigwa picha nao.

Nani aliyeikokota? Vitabu vya Wazungu humtaja nahodha Looff kwa jina, na kamanda von Lettow-Vorbeck kwa jina na cheo na farasi wake. Waliovuta kamba katika matope ya mikoko huitwa "wenyeji". Ajabu ni kwamba Kiswahili nacho, lugha waliyoamrishwa kwayo na kulia kwayo, hakijawapa jina jingine. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa walikuwa zaidi ya 40,000 kwa hesabu ya serikali yenyewe, na wanahistoria hukadiria kwamba walikaribia laki moja. Wengi waliuawa na kuhara, homa na njaa, wachache kwa risasi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Tyne Cot wasiojulikana wana jiwe kila mmoja. Huku mpagazi ameachiwa soko: Kariakoo ya Dar es Salaam na mwenziwe wa Nairobi, majina yaliyotokana na jeshi la wachukuzi, na mnunuzi wa vitambaa hajui kwamba anakanyaga kambi yao.

Hapa ndipo aibu iliyofunikwa. Washairi wa Kiswahili hawakuwa watu wa kuogopa vita. Hemedi bin Abdallah alitunga juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga juu ya Maji Maji. Shaaban Robert aliandika beti zipatazo 3,000 juu ya vita vya 1939 hata 1945, vilivyopiganwa zaidi mahali asipopata kupaona. Lakini ukiuliza utenzi wenye kimo hicho juu ya vita vya 1914 hata 1918, vita vilivyopita katika mashamba ya watu hawa hawa na kula mihogo yao, mwalimu hukuna kichwa. Abdulrazak Gurnah wa Unguja aliwaandikia askari wa vita vile riwaya nzima, Afterlives, mwaka 2020. Aliiandika kwa Kiingereza.

Husemwa kwamba hakuna kumbukumbu za kutosha za kutungia. Udhuru huu hauna miguu. Bwana Mwengo alipotunga Tambuka hakuwa na mpiganaji hata mmoja wa kumhoji, na vita vyenyewe vilikuwa vimepita kwa zaidi ya miaka elfu moja. Husemwa pia kwamba vile vilikuwa vita vya Wazungu. Kwa waliovianzisha, naam. Lakini Mahiwa, karibu na Lindi, kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, siku zile zile tope la Passendale likimeza watu, waliolala chini wengi wao walikuwa Waafrika wa pande zote mbili, na waliowabeba majeruhi walikuwa Waafrika pia. Mtu hawezi kufa katika vita halafu akaambiwa havikuwa vyake.

Wala asilaumiwe Mholanzi. Yeye ameimba ya jirani yake, kwa koo alilo nalo, na ikiwa Rufiji inasikika kwake kama jina la Kijerumani tu, ni kwa kuwa hapana aliyempelekea jina jingine. Santuri yake ya tatu inaishia kwa wimbo uitwao "The 11th Hour", saa ile ya tarehe 11 Novemba 1918 mizinga iliponyamaza Ulaya. Katika nchi za Kiswahili saa hiyo haikulia. Watu walipigana Kasama siku mbili baadaye, na von Lettow-Vorbeck hakusalimisha silaha zake hata tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, ambako leo huitwa Mbala. Siku hizo kumi na nne, zilizozidi hesabu ya Ulaya yote, wapagazi walikuwa wangali safarini na mizigo kichwani, na hapana santuri wala utenzi unaozisimulia.