Chimbeni kwanza, ndipo mpande

Masika yakikaribia, fomu ile ile ya upandaji miti hurudi. Ina safu ya miche iliyooteshwa, ya miche iliyogawiwa na ya miche iliyopandwa. Lengo linajulikana nchi nzima: kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Mimi ni bwana miti mstaafu. Nina kitalu nyuma ya nyumba yangu hapa Chikongola, mjini Mtwara, na miche ndiyo inayonipa kula, kwa hiyo ningepaswa kuipenda fomu hiyo kuliko mtu yeyote. Siipendi. Haiulizi popote ardhi yenyewe ikoje.

Juzi kijana mmoja alikuja kutafuta mitiki.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Shamba liko wapi?”

“Njia ya Msimbati.”

“Umechimba?”

“Kuchimba nini, mzee?”

Nilimwambia akachimbe shimo la kufika kiunoni, ndipo arudi na pesa. Mtiki unataka udongo wenye kina, usiotuamisha maji. Ukanda huu wa pwani una mahali pengi ambapo mchanga ni wa juujuu tu, chini yake ni jiwe la matumbawe. Mche utachangamka masika mawili, mzizi ugonge jiwe, halafu watu waseme Mtwara haioti miti.

Mtwara inaota miti. Pandeni barabara ya Newala mkaone. Juu ya uwanda wa Makonde mvua ni karibu milimita 1,000 kwa mwaka, si haba, ila karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mchanga mwekundu wa kule hauyashiki maji. Yanazama moja kwa moja na kutokeza chini kabisa, mabondeni. Ndiyo maana kwa vizazi vingi akina mama wa uwandani walishuka miteremko mirefu na mitungi kichwani kufuata maji. Mti wa kuishi huko lazima upeleke mzizi chini upesi, au uwe umezoea kupukutisha majani na kusubiri. Msonobari unaostawi kwenye baridi na ukungu wa Sao Hill, Mufindi, haujui kufanya hivyo. Machaka ya Umakondeni yanajua.

Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyeizunguka Tanganyika miaka mingi kwa miguu, aliliona hilo. Mwaka 1945 aliandika kuhusu kilimo cha kupumzisha ardhi katika uwanda huo. Mkulima alifyeka chaka, akalima misimu michache, akaliacha, na chaka likarudi lenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyobaki. Hakuna aliyegawa mche hata mmoja. Baadaye mikorosho ikaenea, nayo haipumzishwi. Shamba likishakuwa la korosho, limekuwa la korosho. Siilaumu, maana imesomesha watoto wetu. Lakini ukitazama picha ya setilaiti utadhani nusu ya mkoa ni msitu, kumbe ni mashamba ya watu, na kwa kanuni za FAO mti wa matunda uliomo shambani hauhesabiwi kuwa msitu.

Basi ardhi inayoweza kubeba msitu ni ipi? Jibu langu litawaudhi baadhi ya wenzangu: mara nyingi ni ile tunayoiita pori tupu. Ni shamba lililoachwa, lenye visiki vinavyochipua, mipingo midogo yenye miiba na mikwaju iliyoanza kujiinua. Nimewahi kuona eneo la namna hiyo likisafishwa kwa trekta ili lipandwe miche kwa mistari, viongozi wapige picha. Visiki vilivyokuwa na mizizi ya miaka mingi viling’olewa ili kupisha mche wa kwenye kiriba ulioletwa jana. Kwenye fomu hiyo ilikuwa hatua mbele.

Kosa hili si letu peke yetu. Mwaka 2019 watafiti wa Zurich walichapisha ramani ya dunia nzima iliyodai kuna nafasi ya kuongeza miti yenye kivuli cha hekta milioni 900. Wanasayansi wengine wakawajia juu, pamoja na mambo mengine kwa kuhesabu mbuga za nyasi, ambazo ni mbuga tangu zamani na zina haki ya kubaki hivyo. Sisi wa kusini tungeweza kuwatahadharisha. Bandari yetu na sehemu kubwa ya mji huu vilitokana na mradi wa karanga wa Waingereza. Mwaka 1946 tume yao ya Wakefield ilizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini kwa wiki tisa, mara nyingine ikitazama ardhi kutoka kwenye ndege, ikapendekeza kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Kule Kongwa kiangazi kiliufanya udongo mgumu kama tofali. Mradi ukafa 1951, na reli ya kwenda Nachingwea ikang’olewa miaka ya sitini mwanzoni.

Pwani ndiko kunakouma zaidi. Penye maingilio ya Ruvuma, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, kila mti wa majini una kiti chake. Mlilana hukaa mbele, bahari inampiga usoni. Mkoko hufuata, penye tope na mikono ya mto. Mkandaa yuko nyuma zaidi, na mchu huvumilia chumvi ambayo wengine hawaiwezi. Siku za kampeni za kupanda miti huchukuliwa mkoko tu, kwa sababu mbegu yake ndefu haihitaji kitalu: unachuma, unachomeka. Na huchomekwa palipo wazi, kwenye tope la mbele, ambako maji yanaufunika muda mrefu kuliko unavyoweza kustahimili. Ufilipino walifanya hivyo kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi. Watafiti walipokwenda kutazama, kwa kawaida miche iliyokuwa hai ilikuwa asilimia 10 hadi 20. Tope likiwa tupu, mtu aulize kwanza kwa nini ni tupu. Pengine halijawahi kuwa na mti.

Kupima kwa miguu kunawezekana. Kati ya 2009 na 2014 serikali ilituma watu porini nchi nzima, ndipo tukajua Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu. Hesabu ile ilihusu kilichosimama. Tunachohitaji sasa, kijiji kwa kijiji, ni hesabu ya kinachoweza kusimama. Ifanywe Oktoba, ardhi ikiwa imekauka kabisa: shimo la mita moja na nusu kila udongo unapobadilika rangi, unyevu unaanzia wapi, jiwe liko wapi, visiki vingapi vinachipua. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kiko jirani, kina watafiti wanaoujua mchanga huu kwa ajili ya korosho. Waombwe wautazame kwa ajili ya miti mingine. Penye visiki hai, pesa ya miche walipwe vijana wa kukata njia za kuzuia moto. Na fomu iongezwe safu moja, ya miche iliyo hai baada ya miaka mitatu. Kitalu changu kitauza kidogo kuliko sasa, najua, lakini wateja wa miembe na milimau bado wapo.