Chanda chema cha Kawangware kitavikwa pete lini?

Juzi nilikwenda Nairobi na ujumbe wa dada yangu: nimrudishe mwanawe nyumbani. Kijana aliacha masomo ya umakanika hapa Mombasa, akahamia Kawangware kujifunza kuunda injini za magari ya mbio. Nilipanga kumgombeza. Nimerudi peke yangu, na ni haki nieleze sababu.

Gereji yenyewe ni kiwanja cha mabati karibu na Barabara ya Naivasha. Fundi mwenyewe ni mzaliwa wa Makina, Kibera, na sekondari hakuimaliza. Siku hiyo injini ya Subaru ilikuwa imefunguliwa yote, kila kipande juu ya gunia safi. Mpwa wangu alikuwa akipima nafasi ya beringi kwa hesabu ya sehemu za mia za milimita. "Mjomba, hapo usiguse," aliniambia kwa adabu. Mimi mwenye stashahada ya mitambo nikarudisha mkono mfukoni.

Katika mbio za dregi, magari mawili huondoka pamoja kutoka kusimama, kwenye mstari mnyoofu wa robo maili, yaani mita 402. Mambo huisha kwa sekunde chache. Ndani ya sekunde hizo injini hudaiwa nguvu kuliko ilivyoundiwa kiwandani. Tabo kubwa husukuma hewa nyingi, na petroli lazima iongezwe kulingana na hewa hiyo. Ikipungua kidogo tu, joto hupanda na pistoni huweza kuyeyuka. Ndiyo maana fundi hutoa pistoni za kawaida na kutia za aluminiamu iliyofuliwa, hupima, hufunga, husikiliza, kisha hufungua tena. Gari likishinda, sifa ni za dereva. Injini ikipasuka, lawama ni za fundi.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hiki tumekivika nini? Fundi huyu hana karatasi hata moja. Akitafuta kazi Dubai au kwenye kampuni kubwa hapa nchini, ataonekana hajui kitu. Ilhali mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ina mitihani ya ufundi kuanzia Gredi ya 3 hadi ya 1, na aliyejifunzia gerejini anaruhusiwa kuifanya. Mlango upo, ila wengi wa jua kali hawajaonyeshwa ulipo.

Tusisahau kwamba Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alianzia kwenye gereji ya babake. Tangu Safari irejee kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, serikali imeigharamia kwa fedha za umma. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingelipia mitihani ya mafundi wengi.

Lakini nisifiche upande wa pili. Mpwa wangu alikiri kwamba baadhi ya wateja hujaribu injini hizo usiku kwenye barabara za umma. Hapo moyo ulishtuka. Anayevuka barabara akitoka kazini hakukubali kuwa sehemu ya mashindano ya mtu, na uhai wake ni amana. Fundi naye hawezi kunawa mikono akisema yeye aliunda tu.

Marekani walikuwa na tatizo hili hili. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA ili vijana watoke barabarani waende kwenye viwanja vyenye kanuni. Mwaka huo huo hapa Mombasa, chuo cha MIOME kilipokea wanafunzi wake wa kwanza, ili vijana wa Kiislamu wapate ufundi. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Basi kufundisha mikono ya vijana si jambo geni kwetu. Kaunti zetu na shirikisho la michezo ya magari wakae pamoja watafute mstari salama, hata wa siku moja kwa mwezi, wenye ambulensi na kizuizi.

Mpwa wangu nilimwachia masharti mawili: afanye mtihani wa Gredi ya 3 mwaka huu, na asiguse gari la mtu anayeshindana barabarani. Amekubali. Dada yangu bado amenuna.