Baiskeli ya Mamilioni Haivuki Engaresero Bila Maji

Kijana wa Wasso, tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, akisema kwamba anataka kwenda Arusha kwa baiskeli, haulizwi atapita njia gani wala atapata wapi maji. Anaulizwa ana baiskeli gani. Akijibu kuwa ana Phoenix aliyoachiwa na baba yake, au ya mtumba aliyoinunua Karatu, mazungumzo huishia hapo. Imekwisha kukubalika kwamba safari ndefu ya baiskeli ni shughuli ya Wazungu, tena wale wenye baiskeli za zaidi ya shilingi milioni tano, mifuko isiyopenyeza maji na vifaa vinavyosoma setilaiti. Mwenyeji huwapungia mkono wakishuka kuelekea Ziwa Natron, kisha hugeuka kutafuta bodaboda.

Imani hiyo haina msingi. Safari ya baiskeli ya siku kadhaa huamuliwa na maji, majira, hali ya barabara na uwezo wa kutengeneza kinachoharibika. Katika hayo yote, mtu wa Wasso, wa Sale au wa Karatu amemtangulia mgeni hata kabla hajapanda baiskeli.

Sura ya mwendesha baiskeli tajiri ina ilikotoka. Tangu 2003 msafara wa Tour d'Afrique hutoka Cairo kwenda Cape Town, mwendo wa takriban kilomita 12,000, na Arusha ni kituo chake kinachojulikana. Washiriki hulipa maelfu ya dola, na malori huwabebea mizigo na chakula. Ng'ambo ya mpaka, huko Maasai Mara, mbio za Migration Gravel Race zilianza 2021, na Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani aliyefariki mwaka uliofuata akiwa mashindanoni Marekani, alikuwa miongoni mwa waliozipa jina. Hizo ni shughuli za heshima. Kosa ni kuchukua namna moja ya kusafiri, tena iliyo ghali kuliko zote, na kuifanya sharti kwa kila anayetaka kuvuka wilaya mbili.

Waliotangulia hawakulijua sharti hilo. Kazimierz Nowak, Mpoland asiye na mfadhili, aliondoka Tripoli mwaka 1931 akiwa na baiskeli iliyokwisha kutumika. Aliishusha Afrika hadi kusini kabisa, akaipandisha tena hadi kaskazini, akamaliza 1936 baada ya takriban kilomita 40,000, sehemu yake kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi. Alijikimu kwa kuandikia magazeti ya kwao. Dervla Murphy wa Ireland, alipojiandaa kwenda India mwaka 1963, alimwagiza fundi azing'oe gia za baiskeli yake, maana aliamini zisingezistahimili barabara mbovu za mbele. Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 60, mama huyo aliendesha kutoka Kenya hadi Zimbabwe akipitia Uganda na Tanzania.

Lakini hakuna haja ya kwenda hadi Poland kutafuta ushahidi. Tanzania ilikuwa na kiwanda chake, NABICO cha Dar es Salaam, kilichotoa baiskeli za Swala, na vijijini zipo zilizofanya kazi miaka mingi zikibeba magunia, wagonjwa na maharusi. Shinyanga, baiskeli za abiria zilipewa jina la daladala kwa sababu zilifanya kazi ya daladala. Kisangani, Kongo, baiskeli ziitwazo toleka zimesafirisha watu na bidhaa kipindi ambacho magari yalikuwa ya kuhesabika. Mtu anayesukuma gunia la mkaa kutoka porini hadi mjini, kisha akarudi kesho yake kuchukua jingine, amefanya kazi nzito kuliko mtalii yeyote aliyeshuka Natron na mabegi mawili. Hakuitwa msafiri, kwa kuwa alikuwa kazini.

Upo pia msafara wa Twende Butiama. Katika miaka ya karibuni Watanzania, wanaume kwa wanawake, wamekuwa wakiondoka Dar es Salaam kwa baiskeli hadi Butiama mkoani Mara kumuenzi Mwalimu Nyerere, aliyefariki 14 Oktoba 1999. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Anayeendelea kusema kuwa jambo hili ni la Wazungu amefumba macho kwa makusudi.

Hoja ya bei nayo ikipimwa kwa fundi inaanguka. Baiskeli ghali za siku hizi nyingi zina fremu ya alumini au kaboni, breki za mafuta na gia zinazohitaji vipuri maalumu. Fremu ya kaboni ikipasuka kijijini Pinyinyi, njiani kuelekea Natron, safari imekwisha. Fremu ya chuma ikikatika, mchomeleaji anayetengeneza mageti na madirisha pale Wasso au Mto wa Mbu ataiunga, na mwenye baiskeli ataendelea na safari. Gololi, cheni, spoku, pedeli na tairi za inchi 26 au 28 hupatikana katika maduka ya miji hiyo. Kinachofaa kwa safari ya Loliondo ni kile ambacho fundi wa Loliondo anaweza kukitengeneza.

Hapa ukweli usemwe wote. Phoenix ya kawaida ina tairi nyembamba, na katika majivu ya chini ya mlima Ol Doinyo Lengai huzama. Breki zake za vyuma hazitoshi kwa mteremko mrefu wenye mzigo. Kwa njia ya Natron, mtumba wa chuma wa inchi 26 wenye tairi nene na gia chache ni bora zaidi. Lakini huo nao hununuliwa kwa laki chache, na mwenye Phoenix tu anaweza kupita kwa kushuka na kusukuma pale penye mchanga, na kushuka na kutembea pale penye mteremko mkali. Kusukuma baiskeli hakuivunjii safari heshima. Nowak alisukuma yake jangwani.

Barabara yenyewe ndiyo inayopaswa kuzungumzwa kwanza. Kutoka Wasso hadi Arusha kwa njia ya Natron na Mto wa Mbu ni zaidi ya kilomita 300. Kipande cha kwanza, Wasso hadi njia panda ya Sale, kina kilomita 49 za lami, na mwenye baiskeli ya kawaida anaweza kukimaliza asubuhi moja. Baada ya hapo lami huisha na mambo hubadilika. Wasso iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Natron liko kwenye mita 600 hivi. Sehemu ya tofauti hiyo hushukwa kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, kwa kona kali na kokoto zinazoteleza. Anayetoka Wasso anateremka pale ambapo mgeni aliyetoka Arusha anapanda akihema. Hiyo ni faida ambayo hakuna duka linaloiuza, mradi raba za breki ziwe mpya na mzigo ufungwe chini na usiyumbe.

Chini ya ukuta huo joto ni jingine kabisa. Maji ya Natron ni magadi, hayanyweki. Kijijini Engaresero, karibu na ziwa, kuna kijito cha maji baridi kinachotoka milimani, na hapo ndipo kila chombo kijazwe, kwa sababu kutoka Engaresero hadi Engaruka ni kilomita zisizopungua 50 za vumbi jeusi na makorongo, kando ya Lengai, mlima wa mita zaidi ya 2,900 uliolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Katika kipande hicho mtu aondoke alfajiri akiwa na lita zisizopungua nane, apumzike kivulini saa za jua kali, na asitegemee kukuta maji katika korongo alilolisikia kwa jina. Dumu la lita tano la mafuta ya kula, likioshwa vizuri na kufungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, hubeba maji sawasawa na chupa ya bei mbaya.

Engaruka ina mto na mashamba ya kumwagilia, kama ilivyokuwa kwa watu waliojenga mifereji ya mawe ambayo magofu yake yanaonekana hadi leo. Waliokaa pale karne nyingi zilizopita walifuata maji. Msafiri naye apange vituo vyake kwa kufuata maji, hata kama kituo kimoja kitakuwa cha kilomita 30 na kingine cha 70.

Halafu majira. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza udongo mweusi wa tambarare za Sale kuwa ulimbo unaoziba tairi na breki, na makorongo hushuka maji ghafla ingawa juu ya kichwa cha msafiri hakuna wingu. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kusafiri. Mfugaji yeyote anajua hilo. Mgeni hulisoma katika vitabu na bado hukosea, kwa kuwa likizo yake imepangwa na mwajiri wake.

Adui mkubwa wa tairi huko si mawe, ni miiba ya migunga. Dawa yake inajulikana na kila fundi wa barabarani: tyubu kuukuu ikatwe kwa urefu, ipachikwe kati ya tairi na tyubu mpya, kisha msafiri achukue viraka vingi, solusheni, pampu, spana mbili na spoku za akiba. Ajifunze kuziba pancha mwenyewe kabla ya kuondoka.

Ipo njia fupi kwenye ramani inayowavutia wengi: kukata kupitia Ngorongoro na kutokea lango la Lodoare, Karatu. Hiyo iachwe. Ndani mna nyati, tembo na simba, na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inayopakana nayo hairuhusu baiskeli kupita. Ramani za zamani nazo zisiaminiwe upande wa magharibi wa Wasso, kwani mwaka 2022 eneo la kilomita za mraba 1,500 lilifanywa Pori la Akiba Pololeti, na njia zilizokuwa wazi kwa wafugaji na wapita njia sasa zina masharti. Kuuliza ofisi ya kata kabla ya kuondoka hakugharimu kitu. Afya nayo iwemo kwenye hesabu: ukishaiacha Hospitali ya Wasso, iliyoanzishwa miaka ya 1960 na daktari Mwaustria Herbert Watschinger, njia ya bondeni ina zahanati na vituo vya afya tu, kwa hiyo dawa za kuharisha, chumvi za kuongeza maji mwilini na bandeji viwe ndani ya begi.

Wakazi wa wilaya ya Ngorongoro wana ushahidi wao wenyewe kwamba fedha hazichukui nafasi ya maandalizi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika Samunge kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Walikuja kwa mabasi, kwa magari ya kifahari, wengine kwa helikopta. Magari yalipangana kwa kilomita nyingi, watu wakalala njiani siku kadhaa bila maji ya kutosha, bila vyoo, bila makazi, na wapo wagonjwa waliofariki wakisubiri zamu. Waliokuwa na magari ya gharama walikwama pamoja na waliopanda malori. Barabara ilikuwa hii hii inayozungumzwa hapa.

Usiku pia una utaratibu wake. Msafiri asiendeshe giza likiingia. Wanyama wapo hata nje ya hifadhi. Afike kijijini jua lingali juu, amwone mwenyekiti wa kijiji, asalimie wazee, aseme anakotoka na anakokwenda, aombe pa kulala. Kijana anayezungumza Kiswahili na Kimaasai hupata kwa salamu moja kile ambacho mgeni hukilipia kambini.

Imani kwamba safari ya baiskeli ni ya wenye mamilioni imewagharimu wengi. Imewafanya vijana waione baiskeli kuwa alama ya umaskini wakiwa juu yake, na alama ya utajiri akiwa juu yake mtu mwingine. Imewanyima kazi: wageni wa baiskeli wanaopita Natron wanahitaji waongozaji wanaojua visima na makorongo, lakini ni nani atakayemwajiri mwongozaji asiyewahi kuipita njia hiyo kwa baiskeli? Halmashauri inayotoza ushuru wa watalii kwenye vizuizi vya njia hiyo ingefanya jambo la maana ikiweka vibao vya umbali na sehemu za maji kati ya Sale na Engaruka. Vingemfaa mwenyeji kwanza.

Anayeitaka safari hii asisubiri mamilioni. Ampelekee fundi baiskeli aliyonayo mwezi Mei, abadilishe cheni, gololi na raba za breki, aende Sale na kurudi kwa majaribio akiwa na mzigo kamili, kisha Julai, ardhi ikiwa imekauka, ashuke Natron na mwenzake mmoja na maji ya kutosha.