Kipimo Bila Maneno

Kwenye ngazi za Ellis Island, New York, daktari wa serikali alikuwa na sekunde chache tu za kumtazama mhamiaji aliyetoka melini. Akimtilia shaka ya akili, alimchora X ya chaki kwenye koti. Sheria ya 1907 ilimfungia mlango yeyote aliyeonekana punguani, hivyo mwenye X alitolewa kwenye foleni akapimwe.

Apimwe kwa lugha gani? Daktari Howard Knox, aliyeanza kazi kisiwani hapo 1912, aliona haifai kumbana mkulima kwa maswali ya darasani kupitia mkalimani. Akageukia mbao. Vipande vinne vya mchemraba vimepangwa mstari; daktari anavigonga kimoja kimoja kwa kipande cha tano, mhamiaji anaiga. Mwanzo ni mteremko: moja, mbili, tatu, nne. Baadaye mfuatano unarukaruka, na mkono unatakiwa kukumbuka kile macho yalichokiona.

Knox anastahili sifa, hasa akiwekwa kando ya mwanasaikolojia Henry Goddard. Huyu aliendelea na maswali ya mdomo. Watu waliotoka tu kwenye daraja la tatu la meli walitakiwa kutaja maneno 60 kwa dakika 3! Mwaka 1917 akatangaza kwamba kama wanne kati ya kila watano wa Wayahudi, Waitaliano, Wahungari na Warusi aliowapima walikuwa punguani. Hawakufika 200 wote kwa pamoja.

Lakini hata kunyamaza kuna lugha yake. Mwaka huohuo jeshi la Marekani likaleta kipimo cha Beta kwa wasiojua kusoma au Kiingereza. Maelekezo yalitolewa kwa ishara, na askari alionyeshwa picha ajaze kilichopungua: gramafoni isiyo na pembe, uwanja wa tenisi usio na wavu. Aliyekulia kwenye mashamba ya Poland wavu huo angeuonea wapi?

Takwimu za jeshi zenyewe zilisema. Mwanasaikolojia Carl Brigham, alipozichambua katika kitabu cha 1923, alikuta wahamiaji walioishi Marekani miaka 20 wakilingana na wazawa, na wageni wa juzi wakiwa mkiani. Mtu angedhani ni mazoea. Yeye akahitimisha kwamba Ulaya ilikuwa ikileta watu hafifu zaidi kila mwaka.

Brigham aliikana hoja yake 1930. Wakati huo sheria ya uhamiaji ya 1924, iliyowabana watu wa kusini na mashariki mwa Ulaya, ilikuwa imeshakaa. Mgawo wake kwa nchi ya asili ulifutwa 1965.