Kikwembe cha siku ya bamama: kivaliwe miaka mitatu

Kila mwaka, mwezi wa kwanza unapoisha, ulizo ni lilelile katika mikutano ya koperative zetu huku pembeni ya Lubumbashi: mwaka huu tutavaa kikwembe gani siku ya tarehe 8 mwezi wa tatu? Vipande vya mufano vinapita mukono kwa mukono, watu wanabishana juu ya rangi, kisha kila mama anaambiwa alete feza yake mbele ya siku kufika.

Sisi tunaoandika hapa tunaipenda sana ile siku. Lakini tunasema waziwazi: kununua kikwembe kipya kila mwaka kunatuumiza, na kunaumiza udongo na maji pia. Tunaomba koperative zikate shauri moja: kikwembe cha umoja kivaliwe miaka mitatu.

Tuanze na mufuko wetu. Huku Haut-Katanga tunapanda mahindi mvula inapoanza, mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa pili mahindi ingali shambani, bunga ya mavuno ya zamani imeisha, na bukari ya watoto tunaipata kwa kununua tu. Na ndio mwezi uleule tunatafuta feza ya kikwembe na ya fundi wa kushona. Mwaka uliopita, mama moja wa kwetu aliuzisha mistari ya mahindi yake ikiwa ingali mabichi, ili asikuwe peke yake bila kikwembe. Hakuna mutu alimulazimisha. Lakini sisi wote tulikuwa tumekaa saa mbili tukizungumuza rangi, na hakuna hata moja aliyeuliza: nani kati yetu hana feza? Ile haya ingali ndani yetu.

Sasa tuangalie kitambaa chenyewe. Bikwembe vingi tunavyoonyeshwa kwa bei ya chini, hata kama vinaitwa wax, si vya pamba. Kujua ni rahisi. Chomoa uzi mumoja pembeni ya kitambaa, uwashe na kiberiti. Uzi wa pamba unaungua sawa vile karatasi, unanuka karatasi, na majivu yake ni laini. Uzi wa poliesta unayeyuka, unajikunja, unanuka plastiki, na unaacha kitone kigumu cheusi. Poliesta inatengenezwa na mafuta ya petroli. Leo, zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa ulimwenguni ni poliesta.

Wewe mulimaji utaiona haraka: jasho haliingii ndani yake, inakubana jua likiwa kali. Kila inapofuliwa, inaachilia vinyuzi vidogo sana vya plastiki ndani ya maji. Na wengi wetu tunafulia pa kijito kilekile tunachotumikisha kumwagilia lengalenga na tomati wakati wa kiangazi. Ikitupwa shambani, haiozi. Utaikuta na jembe miaka mingi kisha.

Je, pamba ni safi? Hapana, si safi yote. Pamba inaomba maji mingi, na mahali pengi inapuliziwa dawa nyingi za wadudu. Shirika la WWF limekadiria kwamba tisheti moja ya pamba inaweza kuomba litre 2 700 za maji, tukihesabu na ile ya shambani. Ni bidoni 135 za litre 20. Kule Asia ya Kati, bahari ya Aral ilikauka sehemu kubwa, juu maji ya mito yake ilipelekwa katika mashamba ya pamba tangu miaka ya 1960. Na hapa kwetu wazee hawakusahau: tangu mwaka wa 1917, serikali ya ukoloni ya Wabelgiji ililazimisha wakulima kulima pamba, hata kama shamba la chakula lingebaki nyuma. Uzi ulifumwa mpaka Kalemie, katika kiwanda cha Filtisaf. Leo kile kiwanda hakifumi tena, na kitambaa kinatoka mbali.

Kwa hiyo hatusemi tu kwamba tuache poliesta, tununue pamba. Tunasema: tununue mara chache, na tukinunua, kikae. Kitambaa cha pamba cha muzuri kinavaliwa siku ya bamama, kisha kanisani, kisha sokoni, na mwisho kinabeba mutoto mugongoni. Mama zetu walijua ile. Walikuwa na sanduku la bikwembe, na binti aliolewa na vile mama yake alivaa. Hakuna aliyeona ni umasikini.

Tunajua wengine watatujibu: na mafundi wa kushona watakula nini? Ni ulizo la kweli, juu wengine ni watoto wetu. Lakini fundi anaweza kupata kazi kwetu mwaka muzima, kuliko kungojea wiki mbili tu: kupunguza na kupanua, kubadilisha kola na zipu, kushonea mutoto nguo ya masomo katika shati la baba yake. Koperative inaweza kupatana naye bei ya kutengeneza nguo za wanachama wote.

Wengine watasema: musitunyime furaha yetu. Hatuondoe furaha. Mwaka wa pili na wa tatu tutaimba, tutacheza, na tutakula pamoja vilevile. Na mama aliyeingia kisha asisukumwe kununua: avae kikwembe chake chochote, aongeze kitambaa cha kichwa cha rangi ya koperative. Kipande kimoja cha yadi 6 kinatoa vitambaa vya kichwa kwa wengi.

Kwa nguo za kila siku, mitumba ina faida yake, zile ndugu zetu wa Zambia wanaita salaula. Nguo iliyokwisha kutengenezwa haiombi tena maji mapya ya shamba. Lakini angalia mushono, zipu na kitambaa mbele ya kulipa; ile inayopasuka kisha mwezi mumoja ni takataka tuliyoinunua wenyewe.

Nguo ikichoka kabisa, ya pamba ikate vipande virefu, ufungie tomati kwenye miti yake. Haikati shina, na inaoza yenyewe. Ya poliesta, tafazali, usiwashie mbabula: moshi wake ni mubaya kwa kifua cha mama na cha watoto. Itumikishe kushonea mufuko ao kitu cha kukalia.

Katika mukutano wenu unaokuja, mbele mutu hajaleta vipande vya mufano, pigeni kura juu ya miaka mitatu. Mukikubali, ile feza ambayo kila mutu angelipa mwaka wa pili na wa tatu, muiweke kidogokidogo katika kisanduku cha mbegu na mbolea, tangu wakati wa mavuno mahindi inapouzishwa. Mwezi wa kumi na moja ukifika, hakuna mama ataomba deni juu ya kupanda. Na mwezi wa pili, hakuna atakayeuzisha mahindi mabichi juu ya rangi.