UCHAMBUZI: Nyongeza ya mishahara pekee haitawaridhisha walimu Eastlands

KILA mara walimu wanapotishia kugoma, mjadala huanza na kuishia kwa mishahara. Hata hivyo, hali katika shule za mitaa ya Eastlands jijini Nairobi yaonyesha kuwa pesa ni sehemu tu ya kinachomfanya mwalimu aipende au aichukie kazi yake.

Si kwamba mshahara ni jambo dogo. Mnamo 1997, serikali ya Rais Daniel arap Moi iliwaahidi walimu nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200. Kucheleweshwa kwa malipo hayo kulizua migomo ya 1998 na 2002.

Mwaka 2015 walimu waligoma kwa wiki tano wakidai nyongeza ya asilimia 50 hadi 60 iliyoidhinishwa na mahakama, lakini Mahakama ya Rufaa ikaifutilia mbali Novemba mwaka huo. Kilichoumiza zaidi si kiasi cha pesa, bali kuahidiwa na kunyimwa.

Jambo la pili ni mzigo wa kazi. Serikali ilisitisha uajiri wa walimu wapya mnamo 1998, ikawa inajaza tu nafasi za waliostaafu, kufariki au kuacha kazi. Miaka mitano baadaye, Januari 2003, Rais Mwai Kibaki alianzisha elimu ya msingi bila malipo, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2.

Mzigo huo uliangukia zaidi mitaa yenye watu wengi kama Kayole, Dandora, Kariobangi na Mathare. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hana nafasi ya kumsaidia mtoto mmoja mmoja, na asipoona matunda ya jasho lake hukata tamaa hata mshahara ukifika kwa wakati.

Mazingira nayo huchangia. Shule zilizo karibu na jaa la taka la Dandora hufunza huku moshi na uvundo ukiingia madarasani. Marupurupu ya nyumba ya Nairobi ndiyo ya juu zaidi nchini, lakini kodi na nauli za matatu huyameza upesi.

La tatu, na pengine zito zaidi, ni usawa. Sekondari Msingi zilipoanzishwa mnamo 2023, maelfu ya walimu waliajiriwa kama wanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, ilhali walifunza masomo sawa na wenzao wa kudumu walioketi nao katika afisi moja.

Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba iliamua kuwa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilikiuka haki zao. Baada ya maandamano ya mwaka huo, takriban 46,000 waliajiriwa kwa kandarasi za kudumu kuanzia Januari 2025.

Funzo ni kwamba mwalimu hupima kipato chake kwa kumtazama mwenzake, wala si kwa kuhesabu shilingi tu. Serikali na vyama vya KNUT na KUPPET vinapoketi mezani, ukubwa wa madarasa, upandishaji vyeo wa haki na utimizaji wa ahadi vistahili uzito sawa na asilimia za nyongeza. Vinginevyo, kila mkataba utakaotiwa sahihi utakuwa maandalizi ya mgomo mwingine.